Gari likigongwa, nenda ulione likiwa bati tupu kabla ya praima (uzi wa fundi wa bodi, Nakuru)

BatiTupu (Nakuru):

Salamu wadau wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko.

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari. Nakuru kazi hii haikosekani, maana barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malaba na Busia inapita hapa hapa mjini, na sehemu zake mbaya ziko pande zote mbili. Ukipanda kuna Salgaa na Sachangwan, ukishuka kuna Kikopey na Naivasha. Ongeza bodaboda na tuktuk zinazojipenyeza katikati ya magari mjini, na kila siku kuna mlango umeparuzwa mahali.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo moja linaloniuma. Mwenye gari huja siku ya kulichukua tu. Analizunguka mara moja, anaangalia rangi inavyong'aa, analipa, anaondoka. Rangi ndiyo kitu cha mwisho kufanywa na ndicho rahisi kupendeza. Kazi yenyewe, ile itakayoamua kama gari litakulinda ukigongwa tena, imeshafichwa. Praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, ikishapita, hata fundi mwenzangu hawezi kutazama kwa macho tu akakwambia kama bati lilinyooshwa au lilifukiwa.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Mwambie fundi tangu siku ya kwanza kwamba utapita gari likiwa bati tupu, limeshanyooshwa na halijapakwa chochote. Fundi anayeiamini kazi yake atakupa siku. Ukiona anaanza visingizio, mara stima zilipotea, mara praima ilishapigwa jana usiku, basi jibu umelipata mapema.

Nitaeleza cha kutazama ukifika. Ni maelezo marefu kidogo, nivumilieni.

BatiTupu (Nakuru):

Naendelea.

Kwanza ujue gari lako ni la namna gani. Land Cruiser, Prado, Hilux na malori yana chesi yake chini, mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kama ngazi, na bodi hufungwa juu yake kwa bolti na mipira. Probox, Fielder, Vitz, Demio, Note na karibu magari yote madogo tunayoendesha hayana chesi ya hivyo. Mabati yaliyochomelewa pamoja ndiyo chesi. Sakafu, paa, nguzo za milango, na kule mbele ile miguu miwili ya chuma cha boksi inayotoka kwenye ukuta wa injini hadi nyuma ya bampa, vyote hubeba uzito na vyote hupokea kishindo.

Miguu hiyo ya mbele imetengenezwa ili ijikunje. Wateja wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, wanadhani gari zuri ni lile lisilobonyea. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alipewa hataza ya wazo hili mwaka 1952, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa gari lililoundwa kulifuata: kibanda cha abiria kigumu, mbele na nyuma palegevu. Kishindo kinamalizikia kwenye bati linalojikunja badala ya kumalizikia kwenye magoti na kifua chako. Leo hata Probox inayobeba sukuma wiki na abiria kati ya Luanda na Kisumu ina mpango huo huo ndani yake.

Sasa chukua mguu uliokunjika. Fundi anaupasha moto wa gesi mpaka unakuwa mwekundu, anaugonga, unaonekana umenyooka. Kwa macho uko sawa kabisa. Lakini chuma cha sehemu hizo si bati laini la magari ya babu zetu. Ni chuma kilichoongezwa nguvu kiwandani, na moto wa namna hiyo unaiondoa ile nguvu. Na pale palipokunjika sana, chuma kimeshakuwa kikavu na chepesi kupasuka. Siku mguu huo ukigongwa tena hautajikunja pale ulipopangiwa. Ndiyo maana kanuni ya kazi yetu, popote duniani, ni kwamba kilichopinda kwa mviringo hunyooshwa, na kilichokunjika kwa kona kali hubadilishwa. Nguzo ya katikati ya milango kwenye magari ya miaka hii usikubali ipashwe moto hata kidogo. Hiyo hukatwa na kubadilishwa mahali mtengenezaji alipoagiza ikatwe.

Na jambo hili litazidi kuwa kubwa, si kupungua. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake kila mwaka yanaingia magari mapya zaidi, yenye chuma kigumu zaidi, huku mitungi yetu ya gesi ikiwa ile ile.

Ukifika gereji, uliza vipimo. Fundi achukue tepu apime mshazari: kutoka tundu la nyuma kulia hadi la mbele kushoto, kisha kinyume chake. Magari mengi yana matundu ya kiwandani chini na kwenye chumba cha injini, yamewekwa sawa pande zote mbili kwa ajili hiyo. Apime pia kutoka juu ya shokomzoba moja ya mbele hadi mahali fulani nyuma upande wa pili, na kinyume chake. Mishazari ikitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi, gari bado limepinda hata kama bonet inafunga vizuri. Milimita hizo ndizo zinazokula tairi upande mmoja. Ndizo zinazofanya gari livute kushoto hata baada ya alaimenti, na watu wanarudi kumgombeza fundi wa alaimenti bure, yeye anarekebisha magurudumu yaliyofungwa kwenye bodi iliyopinda.

Kuvuta nako kuna utaratibu wake. Kishindo huingia kwa mpangilio: bampa, halafu mguu, halafu ukuta wa injini, halafu nguzo ya mlango inasogea na mlango unaanza kukataa kufunga. Kukitoa ni kinyume. Kilichoingia mwisho kinatoka kwanza, na unavuta kuelekea kule kishindo kilikotoka. Gereji kubwa hulifunga gari kwenye fremu na kuvuta kwa haidroliki huku zikipima. Wengi wetu wa jua kali, yaani gereji ndogo za nje, tuna mnyororo, jeki ya kusukumia na nguzo iliyozikwa kwenye zege. Vifaa hivyo sividharau, kazi sahihi hutoka kwavyo, mradi gari lifungwe vizuri upande wa nyuma, na uvute, uachie, upime, uvute tena, kwa sababu bati hurudi nyuma kidogo ukiliachia. Lakini anayefunga mnyororo kwenye lori na kumwambia dereva aachie klachi, huyo anararua. Ukiona hivyo, chukua gari lako.

Dereva wa Kondele (Kisumu):

Bosi somo limeingia. Lakini mimi naendesha matatu, Kisumu–Busia. Gari ikilala gereji siku mbili tu mwenye gari anapiga simu kila saa. Fundi wangu anajaza filla, jioni anapiga rangi, asubuhi niko steji. Na anasema hakuna gereji isiyotumia filla. Ananidanganya?

BatiTupu (Nakuru):

Kaka, hakudanganyi. Mimi pia natumia filla, na gereji ghali za Nairobi zinatumia. Swali ni kiasi gani na juu ya nini.

Filla ni plastiki ya polyesta iliyochanganywa na unga wa talki. Kazi yake ni kusawazisha vibonde vidogo ambavyo nyundo haikuvimaliza. Ikipakwa milimita 2 au 3 juu ya bati safi lililokwaruzwa vizuri, itakaa miaka mingi bila shida. Ikiwa nene kama inavyopakwa wakati wa haraka, bati linatikisika kwenye matuta na kutanuka juani, filla haifuati, na ufa unajitokeza. Kwenye mlango wa matatu unaobamizwa kutwa nzima, ufa huo hauchelewi.

Chukua mlango wa HiAce uliobonyea katikati. Fundi aondoe pambo la ndani afikie bati kwa nyuma. Mkono mmoja una doli, kile kipande cha chuma kizito cha kushikilia, ndani ya mlango. Mwingine una nyundo nje. Haanzi katikati ya bonde, anaanza ukingoni, pale bati lilipoinuka mwisho, na anazunguka akielekea ndani. Nyundo inateremsha kilima huku doli ikisukuma bonde kutoka upande wa pili. Mapigo ni mepesi na mengi. Ukisimama karibu utasikia tofauti: nyundo ikikuta doli chini yake sauti ni kali na kavu, ikiikosa sauti ni butu. Fundi mzuri anafanya nusu ya kazi kwa sikio.

Halafu anapitisha kiganja. Anaweka kitambaa chembamba cha pamba chini ya mkono, anaupitisha mkono wote kwa urefu wa mlango, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Kiganja kinaona kile jicho halioni kwenye bati lisilong'aa. Mtu akiona nafanya hivyo hudhani nalipapasa gari tu, kumbe hapo ndipo najua wapi pamebaki.

Kuna bati lililotanuka, ukilibonyeza kwa kidole linaingia "ko!" na kurudi. Hilo nyundo peke yake hailiponyi, litazidi kutanuka. Pashia moto doa dogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi moja, mpaka lianze kuwa jekundu. Gonga polepole kuzunguka doa, kisha weka kitambaa chenye maji. Bati linajikaza lenyewe. Nasema hapa ni bati la nje la mlango, laini. Yale niliyosema juu ya nguzo na miguu yanabaki pale pale.

Baada ya hayo yote ndipo filla inakuja, nyembamba. Hadina, dawa ya kuikausha, iwe kama gramu 2 kwa kila gramu 100 za filla. Ikizidi, doa la manjano au jekundu hujitokeza juu ya rangi mpya baada ya siku kadhaa, ikipungua haikauki na inabaki ikinata chini.

Na hapo Kisumu mna jambo la ziada. Hewa ya ziwani ina unyevu, na filla hunyonya maji. Isisuguliwe kwa msasa wa maji kabisa, msasa mkavu tu. Gari lisilale nje usiku filla ikiwa wazi. Mvua ya alasiri ikilikuta hivyo, kila tone linaingia, kisha rangi inapigwa juu, na baada ya miezi unaona malengelenge kwenye rangi. Ukilipasua lengelenge moja chini kuna kutu. Mteja anailaumu rangi, na rangi haikuwa na kosa.

Kuhusu mwenye gari na haraka yake: mlango wa mtumba ulio mzima hufungwa kwa saa chache na ni bora kuliko mlango uliojaa filla. Mwambie hivyo, huenda akakuelewa, maana hata hesabu inamfaa yeye.

Mwenye shaka na gari lililokwisha kupakwa, achukue sumaku ndogo, aifunike kwa karatasi nyembamba isikwaruze rangi, aipitishe kwenye mlango akilinganisha na upande wa pili. Pale inapoacha kushika, bati liko mbali chini. Usijaribu kwenye bampa, hiyo ni plastiki, na baadhi ya bonet ni za alumini.

Fundi wa Kibuye (Kisumu):

Mimi ni fundi mwenzako na nakubali mengi. Lakini usitubebeshe mzigo wote. Mteja anaingia na bei yake kichwani. Nikimwambia mguu wa mbele ubadilishwe anasema namwibia, anahamia kwa jirani ambaye atajaza na kupaka kwa nusu ya pesa. Nina kodi ya kiwanja na vijana wa kulisha. Nifanye nini?

BatiTupu (Nakuru):

Ndugu yangu, hilo nalijua na linanigusa. Bei zetu zinatajwa kwa kipande, mlango kiasi hiki, fenda kiasi hiki, na mteja anadhani kipande ni kipande. Haoni kwamba kunyoosha ni siku mbili na kujaza ni saa mbili.

Mimi huandika bei mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni ya kunyoosha bati mpaka filla iwe nyembamba. Ya pili ni ya kufunika tu, na chini yake naandika kwamba itapasuka. Naziweka mbele yake achague. Wengi, nisikufiche, wanachagua ya kwanza wakishaona maandishi. Wanaochagua ya pili nawafanyia, kama ni mlango au fenda. Gari ni lao na uzuri ni wao.

Lakini miguu ya mbele, nguzo na sakafu sina bei mbili. Ama ifanywe sawa ama nisiiguse. Pale si suala la uzuri tena, kuna mtoto wa mtu atakaa kiti cha nyuma.

Nusu gari ya mbele kutoka Japani, ile tunayoita nosikati, imewasaidia watu sana, maana mara nyingi unapata bonet, fenda, taa, rejeta na miguu yake kwa bei nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Haina ubaya. Ila miguu itolewe na kuunganishwa kwenye viungo vyake vya kiwandani, siyo kukatwa katikati popote grenda ilipofikia. Na namba ya chesi ya gari lako isiguswe. Kwenye Toyota nyingi iko kwenye ukuta wa injini, na kuibadilisha au kuihamisha ni kosa la jinai, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Palipochomelewa, utandu wa zinki wa kiwandani umeshaungua. Papakwe praima ya zinki, na ndani ya boksi pamiminwe nta ya kuzuia kutu. Hatua hii inarukwa sana, kwa sababu haionekani.

Mama wa Lurambi (Kakamega):

Fundi, habari ya kazi. Yangu ni Fielder ya silva. Nilipakwa mlango mmoja na fenda. Pale gereji rangi ilionekana sawa kabisa, nilipotoka juani mlango umekuwa mweusi kidogo kuliko gari lingine. Wanasema ndivyo rangi ya metaliki ilivyo, nizoee. Ni kweli?

BatiTupu (Nakuru):

Mama, salama kabisa. Metaliki ni ngumu, hilo ni kweli. Usizoee.

Kila gari lina kibao chenye namba ya rangi. Kwenye Toyota tafuta palipoandikwa C/TR, ama kwenye ukuta wa injini ama kwenye nguzo ya mlango. Nyeupe ya kawaida ni 040, nyeusi ni 202, silva nyingi za miaka ile ni 1F7. Muuza rangi achanganye kwa namba hiyo, asichanganye kwa kukisia. Lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu gari lako limepigwa jua kwa miaka, na namba ni ya rangi siku ilipotoka kiwandani. Kwa hivyo fundi anapulizia kipande cha bati cha majaribio, akikaushe, akipake klia, ile tabaka angavu ya mwisho, kisha akishike kando ya gari nje juani. Taa ya gereji haitakuambia ukweli, kama ulivyoona mwenyewe.

Ndani ya metaliki kuna vipande vidogo sana vya alumini. Ukipuliza rangi ikiwa nzito na yenye maji mengi, vinazama na kusimama wima, rangi inakuwa nyeusi. Ukipuliza kavu na kwa mbali, vinalala juu, rangi inakuwa nyeupe zaidi. Mikono miwili, kopo moja, rangi mbili. Dawa yake ni rangi isiishie kwenye ukingo wa mlango. Mlango ulioharibika unapakwa wote, na rangi inafifizwa kuingia kwenye fenda na mlango wa jirani, halafu klia inapigwa vipande vyote. Jicho halipati mstari wa kulinganisha. Inagharimu zaidi, ndiyo, lakini hicho ndicho kinachofanya kazi.

Mwenye nyeupe ya lulu, 070, ajue hiyo ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu ya katikati, na klia. Idadi ya mapito ya lulu ndiyo inayobadilisha rangi. Kwa hiyo gari usimpe mtu ambaye hajawahi kuipaka.

Jambo lingine, muulize fundi kama rangi yake ni ya aina ya NC au 2K. NC hukauka kwa thina, kile kiyeyusho cha rangi, kuruka hewani tu, ni rahisi na ya haraka, lakini inafifia mapema na petroli ikimwagikia inalainika. 2K hukauka kwa hadina na inakaa. Ukitaka kujua uliyopakwa, lowesha kitambaa kwa thina na usugue mahali pa siri, ndani ya mlango kwa chini. Ikitoka na rangi, ni NC. Na 2K haipigwi juu ya NC ya zamani hivi hivi, inakunjamana yote.

Mwanagenzi (Kisumu):

Samahani fundi, mimi ni binti, ninajifunza kupuliza rangi kwenye gereji. Tunajifunga kitambaa puani na mkubwa wetu hutununulia maziwa jioni yatusafishe kifua. Siku hizi nikipuliza klia nakohoa usiku. Wenzangu wanasema nitazoea.

BatiTupu (Nakuru):

Dada yangu, naomba usome hili polepole.

Maziwa huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu, hayawezi kusafisha kitu huko. Mkubwa wako ana moyo mzuri, lakini pesa hizo za maziwa zinunue kitu kingine.

Hadina ya 2K ina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Kwenye nchi nyingi zinajulikana kuwa miongoni mwa sababu kubwa za pumu ya kazini. Ubaya wake ni kwamba mwili hauzizoei, unazichukia zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Mtu akishaanza kupata pumu kwa ajili yake, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana kifua vibaya. Kikohozi cha usiku, kifua kubana, kupumua kwa mluzi saa kadhaa baada ya kazi, hizo ndizo dalili. Nenda hospitali na umwambie daktari kwa jina kwamba unapuliza rangi ya 2K, maana usipomwambia atakupa dawa ya mafua.

Kitambaa na barakoa ya karatasi havizuii mvuke huo. Kinachofaa hasa ni kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa bomba. Wengi hatuna. Barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni, inayokaza usoni na inayobadilishwa vichujio kwa wakati, ni bora mara nyingi kuliko kitambaa, ila si kinga kamili, na kwa mtu aliyeanza kukohoa kama wewe haitoshi. Vaa glavu na funika mikono, kwani isosayaneti hupita hata kwenye ngozi. Usibaki ndani ya chumba ukungu ukiwa bado hewani. Kwa sasa omba upewe kazi ya kunyoosha na kusugua mpaka daktari aseme neno.

Tena ni haki yako, si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza. Jua kali pia ni mahali pa kazi.

Na usiache ufundi. Ukiwa tayari, fanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, anza na daraja la tatu upande mpaka la kwanza. Mikono ya mafundi wengi wa hapa ni bora kuliko cheti chochote, lakini gereji zinazofanya kazi za bima huomba karatasi.

Dereva wa Kondele (Kisumu):

Umetaja bima. Gari ya shemeji yangu iko na komprehensivu, imegongwa Ahero. Asesa, mkaguzi wa bima, amekuja ameandika bampa, taa na bonet, basi. Fundi akifungua anapata mguu umepinda. Nani analipa?

BatiTupu (Nakuru):

Kazi isimame hapo hapo. Asesa huandika anachokiona gari likiwa limefungwa, haimaanishi amekataa vilivyofichika. Fundi apige picha, aandike makadirio ya ziada, bima imtume asesa tena kabla ya kitu chochote kunyooshwa. Ukishanyoosha hakuna atakachokuja kuona, na hapo ndipo fundi anayeogopa hasara hufukia mguu ili bei aliyopewa imtoshe. Shemeji akae akijua pia kwamba kuna kile kiasi cha kwanza anacholipa mwenyewe kwa mujibu wa mkataba wake. Na gari likikamilika asitie sahihi ya kuridhika kabla ya kuliendesha na kuviona vipande vya zamani vilivyotolewa.

Aangalie na mikanda. Kama mifuko ya hewa ilifumuka, mara nyingi mikanda ya mbele nayo ilijikaza kwa baruti yake ndogo, na haitajikaza mara ya pili. Ibadilishwe. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi lazima iwake unapofungua swichi, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiondoa ili usiulize. Mafundi nao, kabla hujagusa waya wa manjano au kuchomelea chochote, ondoa betri na usubiri. Toyota wanasema sekunde 90 au zaidi. Waya wa rangi ya chungwa kwenye Aqua na haibridi nyingine usiuguse bila mtu aliyesomea.

Mama wa Lurambi (Kakamega):

Asante sana fundi. Wamekubali kurudia mlango na fenda, na nimewaambia nitakuja siku ya bati. Wakimaliza niupige polishi lini? Na nikiamua gari lote liwe jeupe?

BatiTupu (Nakuru):

Mama, vizuri sana. Siku hiyo ya bati waombe wakuruhusu upitishe kiganja chako mwenyewe kwenye mlango. Wakishapaka praima waambie wapulizie ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu yake kabla ya kusugua kwa msasa wa mwisho. Nyeusi itakayobaki baada ya kusugua ndipo palipo na bonde, na utaiona hata wewe bila kuambiwa.

Baada ya rangi, osha kwa maji matupu na kitambaa laini wiki za kwanza, ukae kama mwezi mmoja bila nta, rangi imalize kutoa thina iliyobaki ndani. Kubadilisha rangi ya gari lote unaruhusiwa, ila lazima uwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kumbukumbu za gari zibadilishwe, la sivyo utasimamishwa kila kizuizi. Na gharama yake usiikadirie kwa bei ya mlango mmoja, kwa sababu ndani ya milango, chini ya bonet na kwenye buti napo lazima papakwe.